Ardèche au Alpe d'Huez? Tuongee ukweli kuhusu barabara tulivu

Jumapili iliyopita jamaa ninayeendesha naye baiskeli hapa Lyon aliniuliza swali na nimekaa nalo wiki nzima. Mdogo wake anakuja kutoka Dar mwezi wa saba, kijana miguu anayo, kila Jumamosi alfajiri yuko barabara ya Bagamoyo, sasa anataka kupanda milima ya Ufaransa, je ampeleke Alpe d'Huez, ule mlima maarufu wa Tour de France, kama wanavyofanya wengi au amlete Ardèche, mkoa wa milima kusini ya Lyon, kwenye vibarabara ambavyo unaweza kwenda nusu saa hujapishana na gari? Nikamjibu hapo hapo, Ardèche, wala usijiulize. Nimefika nyumbani nikaanza kuona nimejibu haraka mno, maana mi hizo barabara nazipenda sana na mtu akipenda kitu kuna mambo anayaruka.

Nianze na uzuri wake. Ufaransa ina zaidi ya kilomita milioni 1 za barabara na sehemu kubwa ni hizi ndogo za departementi, yaani mikoa ya Ufaransa, na za vijiji, zile ambazo kando yake kuna kijiwe chenye kichwa cha njano kimeandikwa D na namba. Lami ipo mpaka kwenye kijiji chenye nyumba sita. Ukishika ramani ya Michelin ya karatasi unatafuta zile nyembamba nyeupe, unaangalia vimshale vya mwinuko, kimoja ni asilimia 5 mpaka 9, viwili 9 mpaka 13, vitatu ujiandae kuteseka. Huku Ardèche vilima vingi ni virefu lakini vina huruma, unakaa kwenye asilimia 5 au 6 saa nzima chini ya miti ya chestnut, unasikia mnyororo wako, unasikia kengele za ng'ombe ng'ambo ya bonde, halafu unatokea kwenye kipito cha mlimani kama Col de Meyrand, mita 1,371, na bonde lote linafunguka chini yako. Kwa mtu aliyezoea honi za daladala na bodaboda zinazomchomekea kulia na kushoto, ukimya ule unamgusa kweli.

Alpe d'Huez nayo tusiiseme vibaya. Kona 21, kilomita karibu 14, wastani wa asilimia 8, na kila kona ina kibao chenye namba na jina la mtu aliyeshinda pale kwenye Tour de France. Kiangazi yanapita magari, mapikipiki, magari ya kulala ya watalii, unapanda unavuta moshi. Lakini hapo hapo ukipata pancha baada ya dakika mbili kuna mtu anakuuliza kama uko sawa, maji yapo, duka la baiskeli lipo chini mjini Bourg d'Oisans, mtandao unashika. Na unajua umebakiza kona ngapi. Kwa mgeni asiyejua mwili wake ukoje mlimani hilo ni jambo kubwa.

Tunaosifia barabara tulivu tunachanganya utulivu na usalama, na hapo ndipo nilipokosea na mimi. Magari ni machache, kweli, ila hayo machache yanakimbia, dereva ni mtu wa pale pale, kona anazijua kichwani na hategemei kukuta mtu. Zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani Ufaransa vinatokea kwenye barabara za nje ya miji, ukiondoa zile za kasi za kulipia. Mwaka 2018 serikali ilishusha kasi kwenye barabara hizi kutoka 90 kwenda 80 kwa saa, watu wa vijijini wakalalamika sana, na sheria ya mwisho wa 2019 ikaruhusu departementi kurudisha 90 kwenye baadhi ya barabara zao. Nawaelewa, mtu anayeishi kilomita 30 kutoka hospitali hana basi wala treni, gari ndiyo miguu yake. Lakini na mimi niko pale na kofia na bukta, na ile mita moja na nusu ambayo sheria inamtaka dereva aniachie nje ya mji, kwenye barabara yenye upana wa gari moja na robo sijui ataitoa wapi asipopunguza mwendo.

Halafu kuna kokoto. Kiangazi wanatengeneza lami kwa kumwaga lami ya moto na kokoto juu yake, magari yenyewe ndiyo yanazishindilia kwa kupita, sasa kwenye barabara isiyopita magari zinakaa wiki nzima zinateleza. Mwaka juzi mwezi wa sita nilikuwa nateremka, jua kali, kona ya kulia nimeshaiona vizuri, nikainama, gurudumu la mbele likaondoka kama limekanyaga gololi. Kibao cha onyo kilikuwepo upande wa wanaopanda tu, upande niliotokea mimi hakuna. Nilichunika kuanzia nyonga hadi kiwiko, simu haina mtandao hata kidogo, nikakaa kwenye majani dakika 40 kabla hajapita mzee mmoja na trekta. Akanisalimia kwanza, bonjour, kwa utaratibu kabisa, ndipo akashuka akanimwagia maji kwenye kidonda. Pale Alpe d'Huez nisingekaa hata dakika 5.

Na kingine ambacho hatukisemi. Barabara hizi ni tulivu kwa sababu watu wameondoka. Ardèche ilikuwa na watu karibu 388,000 mwaka 1861, biashara ya hariri ikaporomoka baada ya minyoo yake kuugua, mizabibu ikaliwa na wadudu, vita ikachukua vijana, wengine wakafuata viwanda mabondeni, miaka ya 1960 wakawa wamebaki chini ya 250,000. Siku hizi wameongezeka ila wengi wako chini karibu na mto Rhône, huko juu bado unapita kijiji kizuri, kanisa, mnara wenye majina ya waliokufa 1914 mpaka 1918, majina mengi kuliko nyumba unazoziona, na mkahawa uliofungwa zamani. Maji utayapata makaburini, kuna bomba karibu na geti na ndoo za kumwagilia maua zimening'inizwa ukutani, soma kwanza kama wameandika yananyweka. Chakula ni mpaka kijiji kinachofuata, na Jumapili mchana au Jumatatu usishangae kukuta bekari imefungwa. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, mwandishi wa habari za baiskeli, yule waliyemwita Vélocio na aliyepigania gia za kubadilisha wakati Tour de France inazikataa mpaka 1937, alifundisha watu wale kabla hawajasikia njaa na wanywe kabla hawajasikia kiu. Huku mawaidha yake yanafanya kazi kila siku. Yeye mwenyewe mlima haukumuua, aligongwa na tramu mjini kwake mwaka 1930, na barabara ya Col de la République, kipito alichokuwa akikipanda, leo inapitisha magari mengi.

Kwa hiyo nimempigia simu jamaa yangu nikarekebisha jibu. Nimemwambia Ardèche bado ndiyo jibu langu, sitaki kijana arudi Dar akidhani milima ya Ufaransa ni foleni ya watu wanaopiga picha kwenye vibao, ila asimwache peke yake. Siku mbili za kwanza waende wote, siku ya kazi na siyo Jumapili, waanze saa 12 asubuhi, amfundishe kuteremka taratibu kwenye kona asiyoiona mwisho wake, na waage nyumbani, waseme wanapita wapi maana simu haitasaidia. Mkahawa wowote ulio wazi wasimame wanunue kitu hata kama hawana njaa. Siku ya tatu wakitaka wapande gari waende Alpe d'Huez, wafike kabla ya saa 2 asubuhi. Na tyubu za akiba kila mtu abebe mbili, ile moja huwa inatoboka kwenye kijiji kile kile chenye nyumba sita.