Ndugu Zangu wa Minnesota, Msinunue Nyumba Kabla ya Kuipima Radoni

Katika ukaguzi wote ambao mnunuzi wa nyumba hapa Minnesota hushauriwa kuufanya kabla ya kusaini, kipimo cha radoni ndicho ambacho watu wetu wa Afrika Mashariki hukiacha kwanza ili kupunguza gharama, na mimi nashikilia kwamba hicho ndicho kilichostahili kuwa cha mwisho kuachwa. Paa likivuja utaliona, na mtambo wa kupasha nyumba joto ukizimika utatetemeka usiku huohuo. Lakini radoni, ambayo ni gesi yenye mionzi, haina rangi wala harufu, haikohozi mtu, haiumizi kichwa, na mtu aweza kuivuta miaka ishirini asijue lolote mpaka siku atakapoonyeshwa picha ya mapafu yake.

Gesi hii hutoka ardhini. Urani, metali yenye mionzi iliyomo katika udongo na mawe, huoza polepole mno, yaani hutoa mionzi huku ikigeuka kuwa kitu kingine, huzaa radiamu, na radiamu nayo huzaa radoni, ambayo kwa kuwa ni gesi haikai pale ilipozaliwa bali hupenya katikati ya chembe za udongo ikitafuta pa kutokea. Nusu ya radoni yoyote hutoweka kila baada ya siku 3.8, muda unaoitosha kabisa kusafiri kutoka chini ya msingi hadi chumba cha kulala. Kinachodhuru zaidi ni vitu inavyovizaa inapooza, hasa poloniamu, metali yenye mionzi mikali, ambavyo hunata kwenye vumbi, huvutwa pamoja na hewa, kisha hurusha chembe za alfa, aina mojawapo ya mionzi, ndani ya mapafu kwa umbali mdogo sana na kwa nguvu nyingi. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linakadiria kwamba radoni huua watu wapatao 21,000 kila mwaka nchini humo kwa saratani ya mapafu. Sigara pekee ndiyo inayoitangulia, na kwa watu ambao hawajawahi kuvuta sigara radoni ndiyo inayoongoza.

Minnesota ina sababu mbili za kuwa mahali pabaya kwa jambo hili. Udongo wake mwingi uliachwa na mito ya barafu ya zama za kale, nao una urani na radiamu ya kutosha. Halafu kuna baridi. Kuanzia Novemba hadi Aprili madirisha hufungwa, hewa yenye joto hupanda na kutokea juu ya nyumba, na nyumba nzima hubaki ikivuta hewa mpya kutoka chini kupitia nyufa za zege, kandokando ya mabomba, na kwenye shimo la pampu ya maji. Idara ya Afya ya Minnesota inasema kwamba nyumba 2 kati ya 5 zina kiwango cha juu, na kwamba wastani wa jimbo hili ni zaidi ya mara tatu ya wastani wa Marekani nzima. Kiwango ambacho mamlaka za hapa hutaka mwenye nyumba achukue hatua ni pikokyuri 4 kwa lita, yaani bekereli 148 kwa mita ya ujazo, vyote viwili vikiwa vipimo vya wingi wa mionzi katika hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza nchi zilenge chini ya hapo, bekereli 100, pale inapowezekana.

Mimi ni mzaliwa wa Kwale, na naelewa vizuri kwa nini mtu wa kwetu akisikia habari hizi huziona kama njia nyingine ya kumtoa pesa. Nyumba tulizokulia hazikuwa na chumba chini ya ardhi. Kuta zilikuwa za fito na udongo wa kukandika, paa la makuti lilikaa juu ya ukuta bila kuuziba, na kati ya viwili hivyo upepo wa kaskazi au wa kusi ulipita usiku kucha. Hata nyumba za matofali zilizokuja baadaye zilikuwa na matundu ya hewa juu ya kila dirisha, ambayo fundi aliyaacha bila kuulizwa. Gesi iliyopanda kutoka sakafuni haikupata nafasi ya kujikusanya. Hapo hatukulindwa na elimu wala sheria, tulilindwa na hali ya hewa na namna ya kujenga, na ulinzi huo haukupanda ndege pamoja nasi.

Wala isidhaniwe kwamba ardhi ya kwetu ni salama kuliko ya huku. Kilima cha Mrima, kusini mwa Kwale, kinajulikana na wanasayansi kwa wingi wa thoriamu, metali nyingine yenye mionzi, katika mawe na udongo wake, na mionzi ya asili iliyoko hapo ni mikubwa kuliko ya sehemu nyingi za nchi. Thoriamu huzaa thoroni, ndugu wa radoni, ambayo nusu yake hutoweka kwa muda usiozidi dakika moja. Kwa hiyo thoroni inayotoka chini sana ya msingi haifiki mbali, ila ile inayotoka katika ukuta wenyewe, ikiwa ukuta umekandikwa kwa udongo wa kilima hicho, humfikia mtu aliyelaza kitanda chake kando ya ukuta. Naandika hili kwa uzito wote, kwa sababu nina jamaa wanaoishi upande huo, na kwa sababu kifaa kilichotengenezwa kupima radoni peke yake hakitakupa jibu sahihi mahali kama hapo.

Wamarekani wenyewe hawakuzaliwa wakijua. Mnamo Desemba 1984 mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras, aliyefanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, alikuwa akiziamsha kengele za mionzi kazini, na uchunguzi ulipofanywa ikabainika kwamba mionzi hiyo alikuja nayo kutoka nyumbani. Nyumba yake ilipopimwa ilikutwa na takriban pikokyuri 2,700 kwa lita. Familia ikahama, nyumba ikarekebishwa, wakarudi. Kabla ya hapo radoni ilihesabiwa kuwa tatizo la wachimba migodi. Tangu hapo ikawa jambo la sebuleni, na mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza radoni majumbani.

Sasa nije kwenye kazi ya mpimaji mwenye leseni, kwa maana hapo ndipo ninaposikia maneno mengi ya kupotosha. Tulipokuwa tukinunua nyumba, wakala alitushauri tuondoe kipimo cha radoni katika ofa yetu ili muuzaji atupende kuliko wanunuzi wengine, akaongeza kwamba tunaweza kujipimia wenyewe baadaye. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikataa. Mpimaji alikuja na kifaa cha kielektroniki kinachorekodi kiwango cha gesi kila saa, akakiweka katika besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, kwenye orofa ya chini kabisa ambayo mtu angeweza kuishi, mbali na dirisha, ukuta wa nje na bomba la hewa ya moto. Madirisha na milango ya nje vilitakiwa viwe vimefungwa saa 12 kabla ya kipimo kuanza na vibaki hivyo mpaka mwisho, isipokuwa kwa kuingia na kutoka kwa kawaida, na kipimo chenyewe hakitakiwi kupungua saa 48. Kifaa cha namna hiyo huonyesha pia kama kimesogezwa, na anayejua kukisoma huona katika mchoro wa saa kwa saa pale ambapo kiwango kimeporomoka ghafla kwa kuwa mtu amefungua dirisha. Hiyo ndiyo sababu ya kumlipa mtaalamu wakati wa mauzo: nyumba bado iko mikononi mwa mtu mwenye faida katika matokeo. Majibu yetu yalikuwa zaidi ya maradufu ya kiwango cha kuchukua hatua, na muuzaji alikubali kugharimia matengenezo kabla ya kusaini. Tungengoja kujipimia baadaye, gharama hiyo ingekuwa yetu.

Kwa mtu ambaye tayari anamiliki nyumba, kile kikopo cha mkaa maalumu kinachokaa siku chache kisha kutumwa maabara kinatosha kwa kuanzia, na kile cha muda mrefu, kinachokaa zaidi ya siku 90, hutoa picha ya kweli zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu radoni hupanda na kushuka kulingana na majira. Hapo sina ugomvi na wanaojipimia.

Naisifu sheria ya Minnesota bila kusita. Tangu Januari 2014 muuzaji wa nyumba analazimika kumwandikia mnunuzi yote anayoyajua kuhusu radoni katika nyumba hiyo, pamoja na kumpa kumbukumbu za vipimo vilivyopita. Na tangu Januari 2019 wapimaji na warekebishaji wa kulipwa lazima wawe na leseni ya jimbo. Hata hivyo sheria hiyo ya mauzo haimlazimishi mtu kupima, na iliandikwa ikimfikiria mtu anayenunua. Wengi wetu hatukuanzia hapo. Mgeni anapowasili kutoka Mombasa, Goma au Kigoma, hupewa chumba katika besimenti ya jamaa yake, na huweza kukaa humo mwaka au zaidi akilipa kidogo anachoweza. Dada zetu wanaofanya zamu za usiku hospitalini na katika nyumba za kulelea wazee hulala humo mchana, kwa sababu kuna giza na kimya. Mama anayelea watoto wa majirani kwa leseni ya nyumbani huwachezesha humohumo kwa kuwa ndipo penye nafasi. Wenye nyumba hulala juu, ambako kwa kawaida gesi ni kidogo. Kwa hiyo anayevuta hewa mbaya zaidi ni yule asiye na sauti ya kuomba kipimo, na kwa heshima zote nawaambia wenyeji wetu: mkimpokea binamu katika besimenti, kipimo ni sehemu ya kumkaribisha.

Matengenezo si ya kutisha. Fundi hutoboa zege la sakafu, huingiza bomba la plastiki na kulipandisha hadi juu ya paa, na feni iliyofungwa nje ya sehemu wanayoishi watu huinyonya hewa ya chini ya msingi mchana na usiku kabla haijaingia ndani. Kwa hapa kazi hiyo kwa kawaida hugharimu kati ya dola 1,500 na 3,000. Ni fedha nyingi, lakini vyama vyetu huchangisha zaidi ya hapo kwa sherehe ya siku moja, na sioni kwa nini chama kisiwe na mfuko wa kuwakopesha wanachama kwa jambo hili, au walau kununua vikopo vya kupimia na kuvigawa kila Januari, mwezi ambao Marekani huutumia kuhimiza upimaji. Baada ya matengenezo, nyumba ipimwe tena, na ningependa apime mtu tofauti na yule aliyefunga feni.

Nyumbani nako mambo yanabadilika, na hili ndilo linalonifanya niandike kwa Kiswahili. Nyumba mpya za Nairobi na Mombasa zina madirisha ya alumini yanayoteleza, matundu ya hewa yamezibwa kwa ajili ya mbu na vumbi, kiyoyozi kinafanya kazi usiku kucha, na wengi wetu tulioko ughaibuni ndio tunaotuma ramani za nyumba za namna hiyo zijengwe vijijini. Tunaiga nyumba iliyofungwa bila kuiga kipimo kinachoifanya iweze kukalika. Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki. Wataalamu wa mionzi wapo. Ninachowaomba ni upimaji wa majumbani unaoanzia pale ambapo ardhi yenyewe imekwisha kujulikana: Mrima kwa upande wa Kenya, na kwa upande wa Tanzania maeneo yenye urani kama Bahi na Manyoni. Vifaa vya huko vitenganishe radoni na thoroni, na majibu ya kila nyumba apewe mwenye nyumba mkononi, kwa lugha anayoisoma, pamoja na maelezo ya dirisha gani afungue na kitanda akisogeze wapi.