Siku G alipoenda chooni, insulini yangu ikaharibika

Hii ilinikuta nikiwa TP, yale mazoezi ya kufundisha ya chuo, nimepangiwa shule moja ya bweni, Form Five ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), vijana hamsini na kitu wamenikodolea macho wanasubiri kuona huyu mwalimu wa field ana jipya gani. Siku tatu nimefundisha ribosomu, ile mashine ya seli inayotengeneza protini, kwa chaki, siku tatu wanapiga miayo. Usiku wa siku ya tatu ikaingia meseji kwamba supavaiza "anaweza" kupita kesho, na wenzangu mliopita huko mnajua hiyo "anaweza" inavyofukuza usingizi.

Nikasema sasa hapa naingia na mchezo. Tunatengeneza insulini laivu, maana nayo ni protini.

Mpango ulikuwa hivi. Wanafunzi 15 wanapanga mstari mmoja, kila mtu kashika karatasi ya herufi, hao ndio mRNA, ile kopi ya maelekezo inayotoka kwenye DNA. Nikawapanga AUG GCC CUG UGG, ndivyo insulini ya binadamu inavyoanza, halafu nikafunga na UAG ambayo maana yake ni simama, kazi imeisha. Ribosomu inasoma herufi tatu tatu, hizo tatu ndizo kodoni, na kila tatu zinaitisha asidi amino moja, yaani tofali moja la protini. Methionini nikaifanya andazi, alanini kashata, leusini kipande cha muhogo wa kukaanga, triptofani yai la kuchemsha. Vijana wanne wakawa tRNA, wale wachukuzi wanaoleta asidi amino, kila mmoja na mzigo wake kwenye sahani.

Ribosomu yenyewe ina vipande viwili. Kipande kidogo kinasoma herufi, kikubwa kinaunga asidi amino mnyororo. Kidogo nikampa kijana mmoja mfupi mwenye sauti kama spika ya mnadani, kikubwa nikampa golikipa wa shule, bonge la mtu, nikamkabidhi shazia la kushonea magunia na uzi wa katani. Wote wawili nikawafunika kanga ya mama mwenye nyumba wangu, waonekane kitu kimoja. Sasa chini ya ile kanga walikuwa wanaona karatasi iliyo mbele ya pua zao tu. Hilo mlishike.

Golikipa kabla hajaanza akatoa kichwa, "Sir, ribosomu inafanya kazi bure?" Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hiyo, maana haifanyi bure hata kidogo, kuongeza asidi amino moja tu seli inalipia bondi nne zenye nishati, mbili kuipakia kwenye tRNA na mbili za GTP, kibeba nishati cha seli, pale kwenye ribosomu. Nikatoa mfuko wa pipi, pipi nne kwa kila asidi amino, tRNA wanachukua mbili, ribosomu mbili. Darasa zima ghafla likataka kuwa ribosomu.

Tukaanza. AUG! Andazi likaja, golikipa akalitoboa shazia katikati mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, likapita kwenye uzi, watu wakashangilia. Nikajiona profesa.

Hapo ndipo yule G wa mwanzo wa GCC akanyoosha mkono, "Sir naomba kutoka." Nikamtazama usoni nikaona kabisa maharage ya jana usiku yameshatoa hukumu, nikamwambia nenda mwanangu. Kosa. Maana foleni ya Mbongo ikiona pengo inasogea yenyewe, haihitaji kuambiwa. C akasogea, na wa nyuma wote wakasogea, mimi nimegeuka nachora ubaoni jinsi insulini inavyoambia seli zichukue sukari kwenye damu sina habari.

Kipande kidogo kikapiga kelele chini ya kanga, "CCC!"

tRNA wakaangaliana. Mmoja akakimbilia chati ukutani, "Sir, CCC ni prolini. Prolini hatujaleta." Nikadhani kasoma vibaya, nikamwambia endeleeni. Basi kwa kihoro akampa golikipa yai. Tuwekane sawa, tRNA ya kweli haifanyi ujinga huo, kuna enzaimu zinazohakikisha kila tRNA imebeba asidi amino yake, za kwangu zilikuwa zimebeba njaa. Shazia likapita kwenye yai, yai likapasuka, kiini kikamwagikia kanga ya watu. "UGU!" Sisteini, hatuna, ukaja muhogo. "GGU!" Glaisini, hatuna, ikaja kashata, ikavunjika, nusu ikaingia kwenye uzi na nusu ikaingia mdomoni mwa tRNA.

Sasa hesabu mwenyewe kilichobaki. UAG yangu ya kusimama haipo tena, U yake imeshaliwa na GGU, zimebaki A na G zinaning'inia. Ribosomu isiyoambiwa simama haisimami. Wale wawili na kanga yao wakapita A, wakapita G, wakatoka mlangoni wanatafuta herufi ya tatu, uzi wa maandazi unaburuzwa nyuma, na nje kwenye korido kasimama mzee mmoja mwenye suti ya kaunda na faili kwapani.

"Wewe herufi gani?" kipande kidogo kikauliza kwa ile sauti ya mnadani.

"Mimi ni Dokta."

Kimya. Halafu kutoka chini ya kanga, "Sir! AG halafu Dokta, hiyo kodoni ipo kweli?"

Sikujibu, magoti hayakuwa yangu. Na wakati huohuo G anarudi kutoka chooni, anajifuta mikono kwenye suruali, kijana mwenye adabu zake, akaona asivuruge mstari, akajipanga mwisho kabisa. Mtu wa chati akasoma kwa sauti, "AGG, arjinini. Bado haijasimama!" Darasa likalipuka.

Dokta akaniacha nijieleze, nikajieleza kwa jasho, kwamba herufi moja ikitoka kila kitu baada yake kinasomeka vingine, hata amri ya kusimama inapotea, na hiyo hutokea kweli kwenye jeni za watu. Akatikisa kichwa. "Na hiyo protini yenyewe iko wapi niione?"

Kanga ikafunuliwa. Uzi mtupu. Golikipa mashavu yamejaa kama kapuliza puto, akameza kwanza ndipo akasema, "Ilikuwa mbovu sir, tukaivunja."

Ambavyo ndivyo seli inavyofanya, protini iliyokosewa inavunjwavunjwa na vipande vinarudi kazini. Sikuwa nimefundisha bado, ilikuwa mada ya wiki inayofuata.

Dokta akaandika muda mrefu, akafunga faili, akaondoka na pipi mbili. Fomu nilikuja kuiona baadaye, alama B, na chini sehemu ya ushauri kwa mwalimu, mwandiko wa kalamu nyekundu: "Ruhusa za chooni zitolewe kabla ya AUG."