Mortal Kombat ya 1995: Damu Kidogo, Mashindano Tele

Mwaka 1995 hakukuwa na sababu ya maana ya kuitegemea Mortal Kombat. Hollywood ilikuwa imeshajaribu kugeuza gemu kuwa picha, na matokeo tuliyaona. Super Mario Bros. ya 1993 ilikuwa vurugu tupu. Double Dragon ya 1994 ilipita bila kuaga. Street Fighter, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo ikiwa na Jean-Claude Van Damme mzima, iliingiza fedha, lakini walioipenda gemu walitoka wakisonya. Halafu likaja hili picha lingine la gemu ya ngumi, likiongozwa na kijana wa Kiingereza, Paul Anderson, ambaye nyuma yake alikuwa na filamu moja tu. Nani angeweka hela yake hapo?

Lilitoka Marekani tarehe 18 Agosti, likakaa namba moja wiki tatu mfululizo. Liligharimu kama dola milioni 20, likaingiza zaidi ya milioni 120 duniani kote. Lakini hesabu za wenye studio hazinihusu. Kinachonihusu ni kwamba miaka mingi imepita, nimezeeka kidogo, nimeona picha nyingi zenye akili kuliko hili, na bado likiwekwa mezani pamoja na picha zote za gemu za ngumi zilizofuata, mkono wangu unakwenda kulekule.

Watu wengi hulitetea kwa kusema "utoto tu huo." Hapana. Utoto umechangia, sikatai, lakini utoto huohuo ulinipa mapicha mengine kibao ambayo leo siwezi kuyamaliza. Hili lina kitu.

Ili ukielewe, anza na gemu yenyewe. Ed Boon na John Tobias waliitengeneza Chicago, katika kampuni ya Midway, ikaingia kwenye mashine za kuchezea mwaka 1992. Badala ya kuchora wapiganaji, waliwapiga picha watu halisi, wakawaingiza ndani ya mashine. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akipigwa alionekana mtu kweli, na damu ilimwagika kweli. Ukimaliza kumshinda mwenzako, uliweza kumng'oa kichwa na uti wa mgongo wake ukaning'inia. Desemba 1993 maseneta wa Marekani waliketi kuzijadili gemu za namna hiyo, na mwaka uliofuata makampuni ya gemu yakaunda chombo chao cha kupanga gemu kwa umri. Sifa ya Mortal Kombat ilikuwa hiyo: damu.

Sasa, filamu ilitakiwa iwe ya kuweza kuonwa na watoto wakubwa kidogo. Damu ikapigwa marufuku. Ukiiondoa damu kwenye kitu kilichojulikana kwa damu, unabaki na nini? Watengenezaji walilazimika kujibu swali hilo, na jibu lao ndilo lililoliokoa picha: ukiondoa damu, unabaki na mashindano.

Hadithi yenyewe unaweza kumsimulia mtu mkiwa mnavuka barabara. Kuna mashindano ya kupigana kati ya dunia yetu na dunia nyingine ya giza. Wale wa giza wakishinda mara kumi mfululizo, wanaruhusiwa kuivamia dunia. Wameshashinda tisa. Imebaki hii moja. Basi, kila mtu anajua kinachotakiwa, kama ligi ya mchangani pale mtaani: nani kapangwa na nani, nani katoka, nani bado. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Na hii ndiyo ilikuwa bahati yetu sisi tulioliona kwenye vibanda vya video. Televisheni Tanzania Bara ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza mwaka 1994 (Zanzibar walitutangulia kwa miaka kama ishirini, na hawakuacha kutukumbusha). Picha tuliziona kwenye vibanda umiza, mabenchi ya mbao, jina la mkanda limeandikwa kwa chaki nje, deki likipata moto kiasi cha kupepewa. Mkanda wenyewe ulikuwa umenakiliwa kutoka mkanda mwingine ambao nao ulinakiliwa, chenga zinapita juu ya uso wa staringi, sauti inapanda na kushuka yenyewe. Kiingereza tulichokuwa nacho kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Picha nyingi za Kimarekani zilitushinda hapo, maana watu wanakaa wanaongea weee mpaka mtu unasinzia. Hili halikumhitaji hata Lufufu, yule wa kututafsiria picha kwa Kiswahili. Mwili wa kila mpiganaji ulijieleza.

Liu Kang anatembea kama mtu mwenye deni, kwa sababu mdogo wake ameuawa na yeye hakuwepo. Johnny Cage ni msanii wa sinema ambaye magazeti yanasema ngumi zake ni za kuigiza, kwa hiyo kila anapopiga unaona anamjibu mtu. Sonya anamfuata jambazi Kano, basi, hana habari na mashindano ya mtu. Watatu hao, kila mmoja ana sababu yake ya kupanda ile jahazi, na hakuna sababu hata moja inayohitaji hotuba. Nimeona picha za siku hizi zikitumia saa nzima kutueleza mhusika ametoka wapi, na bado humjui.

Niseme kuhusu Robin Shou, aliyecheza Liu Kang. Kwa Marekani ya 1995, Mchina kuwa staringi wa picha kubwa la kiangazi lilikuwa jambo la nadra sana. Sisi tuliolelewa na mikanda ya Hong Kong hatukushangaa hata kidogo. Tungeshangaa angekuwa mtu mwingine. Shou alikuwa ametoka hukohuko Hong Kong kwenye picha za mateke, na inaonekana. Pambano lake na Reptile, mjusi anayegeuka mpiganaji, ambalo liliongezwa baadaye baada ya watazamaji wa majaribio kulalamika kwamba ngumi hazitoshi, alilipanga yeye mwenyewe. Mpinzani wake ni Keith Cooke, mtu mwenye mateke ya haraka hata macho hayashiki. Shou aliumia mbavu katika kulipiga. Tazama wanavyoachiana nafasi, kamera inavyokaa mbali kiasi cha kuona miguu na mikono yote, tazama Liu Kang anavyomaliza na lile teke la baiskeli ambalo kila aliyewahi kushika pedi ya Sega alikuwa akilisubiri. Kibanda kizima kiliinuka. Mwenye kibanda akatutishia kuzima.

Yule mjusi wa kompyuta anayetangulia kabla ya pambano hilo, tumsamehe. Hata mwaka 1995 alionekana wa bandia.

Na si yeye tu wa kusamehewa. Pambano la Sub-Zero, mpiganaji wa barafu, linaisha kabla hujakaa vizuri: ndoo moja ya maji, barafu, kwisha. Kwa mhusika aliyependwa kiasi kile, ni dhuluma. Kitana, binti wa kifalme, anapita akitoa mafumbo tu, naye alistahili kupigana zaidi. Shang Tsung, adui mkuu, anapomteka Sonya mwishoni na kumvalisha gauni, mwanamke aliyemvunja Kano shingo kwa miguu yake anageuzwa mapambo. Hilo halijawahi kunikaa sawa, na kila mwaka linanikaa vibaya zaidi.

Lakini Shang Tsung mwenyewe! Hapa ndipo nitakapokaa.

Cary-Hiroyuki Tagawa angeweza kulicheza hili picha kwa kubeza. Ni gemu, jamani. Adui ni mchawi anayekula roho za watu. Waigizaji wengi wakipewa kazi ya namna hiyo hutukonyeza, kana kwamba wanatuambia "na mimi najua ni upuuzi huu." Tagawa hakonyezi. Inasimuliwa kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa amejivalia mavazi ya mhusika, akapanda juu ya kiti, akasoma maneno yake kutoka huko juu. Ukilitazama picha unaamini. Anavyotembea taratibu na lile koti la ngozi, anavyofurahia mtu anapokufa, anavyoinua mkono na kusema roho yako ni yangu, sauti ikitoka tumboni. Sisi tulikuwa tunaigiza hivyo shuleni mpaka tukachapwa. Ajabu ni kwamba hapigani hadi mwisho kabisa, na bado muda wote unaona ndiye mtu hatari kuliko wote pale kisiwani, hata kuliko Goro mwenye mikono minne.

Watengenezaji wa gemu wenyewe walilijua hilo. Ilipotoka Mortal Kombat 11 mwaka 2019, walimrudisha Tagawa, uso wake na sauti yake, kuwa Shang Tsung ndani ya gemu. Miaka ishirini na minne baadaye! Picha ndilo lililochukua kutoka kwenye gemu, kisha gemu ikarudi kuazima kwenye picha. Si yeye peke yake. Kano wa gemu ya kwanza hakuwa na uhusiano wowote na Australia. Trevor Goddard alipomcheza kwa lafudhi ya Kiaustralia, ilikaa vizuri mno hata gemu zilizofuata zikamfanya Kano awe Mwaustralia moja kwa moja. Na Goddard mwenyewe, aliyefariki mwaka 2003, alikuwa Mwingereza. Alivyomdanganya kila mtu, hata mhusika akabadilishiwa uraia.

Christopher Lambert, aliyemcheza mungu wa radi, yeye aliamua kucheka. Ni uamuzi tofauti na wa Tagawa, lakini unafanya kazi kwa sababu ni mmoja tu anayecheka. Watengenezaji wamesimulia kwamba hakutakiwa hata kwenda Thailand, kulikopigwa baadhi ya sehemu za picha, walikusudia kumtumia mtu wa kufanana naye kwa mbali, lakini Lambert akajitolea kwenda bila malipo ya ziada. Ni vizuri alikwenda. Zile fukwe za Krabi zenye majabali yanayoinuka kutoka majini, yale magofu ya mahekalu ya Ayutthaya, ndiyo yanayolipa picha uzito. Ukiweka mchawi mbele ya ukuta wa kijani, ni mchawi wa katuni. Ukimweka mbele ya hekalu la karne kadhaa lenye nyufa, unaanza kumhofia.

Goro naye alikuwa kitu cha kushikika: Tom Woodruff Jr. ndani ya vazi, na mitambo ya kuendesha uso na mikono ile ya ziada. Anatembea kwa shida, ndiyo. Lakini Johnny Cage anapopiga msamba na kumtandika ngumi sehemu za siri, kama alivyokuwa akifanya kwenye gemu, unaona ngumi imetua mahali.

Na muziki. Siwezi kuandika juu ya picha hili nikaruka muziki. Ule wimbo wa kielektroniki ulitengenezwa na Wabelgiji wawili, Maurice Engelen na Olivier Adams, kabla picha halijawepo, na ile sauti ya mtu anayepiga ukelele wa jina la gemu ilitoka kwenye tangazo la televisheni la 1993. Picha linaanza nao, kwenye alama ya joka inayowaka moto, hata dakika moja haijapita. Siku za sikukuu, kwenye disko toto, ukipigwa huo hakuna aliyecheza, wote tulipigana. Kulikuwa na mama mmoja kazi yake ilikuwa kutuachanisha.

Ya pili, Annihilation ya 1997, niliiona mara moja na inatosha. Ya 2021 ni habari nyingine, na hapa ndipo nagombana na wadogo zangu. Ina damu yote iliyonyimwa ya kwanza. Hiroyuki Sanada ni Scorpion (yule mpiganaji wa mkuki) wa heshima, na dakika zake za mwanzo zinawazidi wote wa 1995 kwa ufundi. Lakini mashindano yako wapi? Picha zima linaitwa kwa jina la mashindano na mashindano yenyewe hayafanyiki. Watu wanavamiwa tu majumbani, wanafundishwa jangwani, wanavamiwa tena, na katikati yao amewekwa staringi mpya, Cole Young, ambaye hakuna aliyewahi kumchagua kwenye pedi. Damu walikuwa nayo, wakadhani inatosha.

Mdogo wangu wa mwisho anasema nina wivu wa wazee, na kwamba hata kwenye picha langu pambano bora si la Reptile, ni la Cage na Scorpion, pale wanapotoka msituni na kuangukia kuzimu kwenye mifupa na majukwaa ya mbao, gitaa zito linalia, na mwisho Cage anaidondosha picha yake yenye sahihi kwenye vumbi, kama alivyofanya kwenye gemu ya pili. Ni pambano zuri, na ile picha yenye sahihi ni utani bora kuliko wote mle ndani. Lakini Scorpion anatumia mkuki wake kupita kiasi, na nusu ya pambano ni kukimbizana. Reptile na Liu Kang hawakimbizani. Wanapigana. Tumelibishania hili Iddi mbili sasa, na ya tatu nimeshamwambia aje na flashi yake, tutayaweka yote mawili mfululizo, shemeji aamue.