Kumpenda mgonjwa si lazima kumjazia chumba

Jana nesi alimzuia mlangoni dada mmoja Mtanzania aliyetoka Manchester kuja kumwona mke wangu. Alikuwa na mafua. Hotpoti lake la sato nililipokea mimi, yeye akaombwa arudi akishapona. Jamani, nilifurahi! Safari hii aliyesema hapana hakuwa mimi.

Mke wangu amepandikizwa figo hapa Leeds, Uingereza. Niliwasimulia kisa hicho kwenye kundi la familia, nikaongeza kwamba tukija Mwanza wageni waingie wawili wawili, na mwenye kikohozi abaki kwake. Jibu la kwanza: "Ngosha, umeshakuwa Mzungu." Mjomba wa Igoma akafuata, eti tangu lini mgonjwa akafichwa ndugu zake.

Nisikilizeni basi. Dawa anazomeza saa 4 asubuhi na saa 4 usiku kazi yake ni kupunguza kinga ya mwili, ili mwili usiishambulie figo ambayo haukuzaliwa nayo. Miezi ya mwanzo dozi huwa kubwa zaidi. Mafua unayoyamaliza wewe kwa tangawizi na limau yanaweza kumrudisha wodini. Mtoto mwenye tetekuwanga asimsogelee kabisa.

Mapenzi ya Mwanza nayajua, nimelelewa humo. Saa ya kuona wagonjwa ikifika, kilima cha hospitali ya Bugando kinapandwa na ukoo mzima: chupa za uji, kanga mpya, mchungaji, wanakwaya, jirani aliyehama zamani. Kila mmoja atamshika mgonjwa mkono, na asiyefika atasemwa. Najivunia hilo. Kitanda cha pili hapa yupo bibi ambaye sijaona mtu akija kumjulia hali, mke wangu ndiye anayenituma nikamsalimie. Upweke ule siutaki kwetu, na mtu asije akasema nausifia.

Ninachosifia ni kwamba wamenifundisha. Mfamasia alikaa na mimi, akanionyesha kidonge kimoja kimoja na kazi yake. Nimeambiwa siku ya kupima kiwango cha dawa asimeze cha asubuhi mpaka damu itolewe, na balungi asile, linavuruga dawa. Mkojo unapimwa kwenye jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, nami ndiye ninayeandika kwenye chati. Nilipomuuguza baba yangu huko nyumbani, katika mkoa mwingine, nilikuwa wa kutumwa tu: kalipie, kachukue, subiri nje. Anapewa nini na kwa nini, hakuna aliyeniambia. Inaniuma mpaka leo.

Mtasema hayo ni mambo ya Ulaya. Si kweli! Hospitali ya Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na ile ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Aliyepandikizwa huko akirudi Buzuruga au Sengerema naye anameza dawa za kushusha kinga, na siku ya kwanza tu sebule inajaa watu, wengine na vikohozi vyao. Mkewe akithubutu kuwazuia, anaambiwa ana roho mbaya. Huyo naye ni Mzungu?

Na anayesema najitenga na ndugu ajue hivi: figo inayofanya kazi tumboni mwa mke wangu imetoka kwa kaka yake wa Nyegezi. Alikuja mwenyewe, akapasuliwa mwenyewe. Kuna undugu gani uliozidi huo? Lakini kila akienda kumwona dada yake ananawa mikono kwanza, na hajawahi kununa.

Kwa hiyo mjomba, Igoma tutakuja daktari akituruhusu, na nyumba ni yako kama zamani. Naomba ndoo ya maji na sabuni iwe mlangoni, samaki waive mpaka ndani, wanakwaya waimbie uani. Shangazi akae naye atakavyo akiwa mzima. Mwenye mafua apige simu, nitapokea.