Machen asifungwe kwenye hadithi moja

Nimesoma makala inayompima Arthur Machen, mtunzi wa hadithi za kutisha, kwa hadithi moja tu. Mwandishi wake amefanya vizuri kumkumbuka Mwelishi huyu aliyezaliwa Caerleon, Wales, mwaka 1863. Ila kumpima kwa "The Great God Pan" ya 1894 peke yake ni kumpunja. Hadithi ile ilileta zogo zama zake, sikatai, lakini someni "The White People" ya 1904. Msichana mdogo anaandika kwenye daftari la kijani mambo ya siri aliyofundishwa na yaya wake. Maneno yanatiririka ukurasa baada ya ukurasa, karibu bila aya, jinsi mtoto anavyosimulia, na mwenyewe wala haogopi. Anayeogopa ni msomaji! Mwanzoni kabisa yupo bwana Ambrose anayeuliza ungejisikiaje kama mawaridi ya bustanini kwako yangeanza kuimba. Machen hamwagi tone la damu, lakini nywele zinakusimama.

Halafu wapo wanaomwita tapeli kwa sababu ya Malaika wa Mons, yaani uvumi kwamba malaika waliwaokoa askari wa Uingereza kwenye vita vya Mons, Ubelgiji, mwaka 1914. Wanamwonea. Hadithi yake "The Bowmen" ilitoka gazetini Septemba 1914: askari wa Kiingereza aliyezidiwa vitani anakumbuka maneno ya Kilatini ya kumwomba Mtakatifu George, aliyoyaona kwenye sahani za mkahawa London, ndipo wapiga upinde wa kale wanatokea. Watu wakaigeuza kuwa habari ya malaika wa kweli. Machen alisema waziwazi kwamba aliitunga yeye, hawakutaka kumsikia. Tapeli gani huyo anayekana muujiza ambao ungempa sifa?