Uzamili kwa aliye kazini: saa zinatoka kwa nani?

Afisa ustawi wa jamii mwenye miaka minane kazini anapojiandikisha kusoma uzamili, haingii darasani mikono mitupu. Anaingia na mtoto aliyelazimika kumtoa kwao usiku, na mzee aliyekataa kumfungulia mlango, na uamuzi ambao mpaka leo hajui kama ulikuwa sahihi. Je, chuo kitaupokea mzigo huo, au kitamtaka auache nje, asome kama anayeanza?

Si swali la jana. Mwaka 1897 Mary Richmond, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la misaada huko Baltimore, alidai kianzishwe chuo cha kuwafunza wanaohudumia maskini. Mwaka uliofuata ikafunguliwa kozi ya wiki sita mjini New York, na miongoni mwa wanafunzi walikuwamo watu waliokwisha kuifanya kazi yenyewe. Kwa hiyo fani hii ilizaliwa ikiwa na mwanafunzi aliye kazini. Mwanafunzi wa kutwa nzima, asiye na faili hata moja mezani, alikuja kuwa kawaida baadaye.

Wanaotetea kusoma ukiwa kazini wana hoja nzito. Mwaka 1983 Donald Schön, msomi wa Marekani aliyechunguza namna wataalamu wanavyofikiri kazini, alionyesha kwamba mtaalamu hachukui nadharia na kuibandika tu juu ya tatizo. Hufikiri akiwa ndani ya tendo, hujirekebisha njiani, na mengi anayoyajua hawezi kuyasema mpaka apate mahali pa kuyatafakari. Kama ni hivyo, mtu mwenye kazi mkononi ndiye hasa wa kusomeshwa. Anasoma Alhamisi jioni juu ya namna ya kuzungumza na mtoto aliyeumizwa, na Ijumaa asubuhi mtoto yuko mbele yake. Somo halisubiri miaka miwili kupimwa.

Upande wa pili, mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi kinachoponyoka hakionekani kwenye matokeo ya mtihani. Chukua mafunzo kwa vitendo. Nchini Marekani, baraza linaloidhinisha programu za ustawi wa jamii linataka saa zisizopungua 900 za mafunzo hayo kwa shahada ya uzamili. Mtu akitenga siku mbili nzima za saa nane kila wiki, atahitaji zaidi ya wiki 56 kuzimaliza. Mwenye ajira atazipata wapi? Viwango vya baraza hilo vya mwaka 2022 vinaruhusu zihesabiwe hata mahali anapoajiriwa, mradi kazi zenyewe zifungamane na umahiri anaotakiwa kuujenga. Ni unafuu wa haki, nami nauunga mkono. Lakini ukitumika kizembe, mtu atalipa ada kwa kazi aliyokuwa akiifanya jana na juzi, chini ya bosi yuleyule, na hakuna jipya alilolijua isipokuwa kujaza fomu. Kinachouokoa ni msimamizi wa masomo asiye bosi wake, anayeweza kumuuliza kwa nini aliamua vile bila yeye kuhofia cheo chake.

Kinachonisumbua kuliko vyote ni tasnifu. Mwanafunzi aliye kazini hushawishika kuwatafiti watu anaowahudumia, maana ndio walio karibu. Hebu jiweke mahali pa mama ambaye ombi lake la kurudishiwa watoto liko mikononi mwa afisa huyo. Afisa anamletea karatasi ya ridhaa, anamweleza kwamba ana uhuru wa kukataa. Atakataaje? Hata kama afisa ni mwema, mama atapiga hesabu zake kimyakimya kisha atie sahihi. Ridhaa ya namna hiyo imekamilika kwenye karatasi tu. Naona heri mwanafunzi aitafiti kazi yake mwenyewe: maamuzi yake, taratibu za ofisi yake, namna kumbukumbu zinavyoandikwa na nani anaachwa nje. Akiwahitaji wahudumiwa, awatafute ambao hana faili lao wala hatakuwa nalo. Kamati ya maadili inayopitisha pendekezo bila kuuliza nani anamtegemea nani haijafanya kazi yake.

Kuhusu ada nitasema kidogo: mwajiri akilipa, mara nyingi humfunga mfanyakazi kwa miaka kadhaa, mfanyakazi akijilipia, mara nyingi shahada huwa tiketi ya kuondoka. Wapo wanaolalamika kwamba uzamili huwatoa wazoefu kwenye familia wanazozihudumia na kuwapeleka kwenye meza za mipango. Ni kweli hutokea, ila kosa ni la ofisi zisizo na ngazi ya kupanda kwa anayebaki na watu.

Yote hayo yananirudisha kwenye muda. Mwajiri anayemruhusu mtu kusoma huku akimwachia faili zote alizokuwa nazo hajatoa ruhusa yoyote. Saa za kusoma zitatoka usingizini, kisha kwa watoto wake, na mwisho kwa familia iliyomsubiri Jumanne naye akashindwa kufika. Familia hiyo haikuulizwa. Kwa hiyo kabla chuo hakijamsajili, kidai barua ya mwajiri inayotaja ni faili ngapi zitapunguzwa, na nani atazipokea.