Mtoto wa pwani anapovaa mtungi: kwanza aache kubana pumzi

Vijana wengi wa Nungwi, Kizimkazi, Mkoani na Wete wanaotaka kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa huanza na imani moja: kwamba kwa kuwa wamekulia majini, nusu ya kozi wameshaimaliza. Naona imani hiyo inawaweka kwenye hatari kuliko mgeni aliyejifunza kuogelea bwawani. Anayezamia pweza au kufuata dema (mtego wa samaki) kwa pumzi yake amefundishwa na bahari tangu utotoni kwamba ujaze kifua, ubane, ushuke, upande. Kwenye mtungi, kubana pumzi ndiko kunakoua.

Ni hesabu tu. Juu ya maji mgandamizo ni bar 1, na kila mita 10 unazoshuka bahari inakuongezea bar 1 nyingine: mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3, mita 30 ni bar 4. Mwenye kuzamia kwa pumzi hushuka na hewa aliyoivuta juu. Kifua kinabanwa akishuka, na akipanda hewa inarudi ukubwa ule ule iliokuwa nao. Mwenye mtungi ni tofauti kabisa. Akiwa mita 10 anavuta hewa iliyokwisha kubanwa mara mbili. Akijaza lita 5, akabana, akapanda, zile lita 5 zinataka kuwa 10, na kifua hakina nafasi hiyo. Mapafu yanachanika, hewa inaingia kwenye damu na inaweza kufika kwenye ubongo. Wala kina kirefu hakihitajiki. Kwa aliyejaza kifua, kupanda hata chini ya mita 2 kunatosha kumdhuru. Mabadiliko makubwa kuliko yote yako kwenye mita 10 za juu, pale pale ambapo watu hudhani wameshafika salama.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kupumua muda wote, polepole, bila kusimamisha. Reguleta (kifaa cha mdomoni kinacholeta hewa kutoka mtungini) ikitoka mdomoni, unaachia viputo vidogo vidogo kwa kutamka "aaa" hadi uirudishe. Mwalimu mzuri atamrudisha kijana wa pwani kwenye zoezi hili mara nyingi kuliko mwanafunzi mwingine, maana mwili wake utamsaliti: akishtuka, atabana. Asichoke wala asione anadharauliwa.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anapewa mtungi bila mafunzo akaokote majongoo ya bahari. Majongoo yamepungua maji ya karibu, watu wanayafuata kina, na mtungi unaonekana njia nyepesi. Anashuka mara nne, mara tano kwa siku, kila mara anapanda kwa kasi aliyoizoea, na jioni miguu inakufa ganzi. Hapo si mapafu tena, ni naitrojeni. Hewa tunayovuta ina naitrojeni kama asilimia 79. Chini ya mgandamizo inayeyuka kwenye damu na nyama za mwili, na ukipanda haraka inatoka kwa viputo ndani yako. Maumivu ya viungo, ganzi, uchovu usio wa kawaida, miguu kukosa nguvu, kushindwa kukojoa: hizo ni dalili zake. Dawa ni oksijeni tupu mara moja, kisha hospitali, kisha chemba ya mgandamizo (chumba cha kumrudishia mgonjwa mgandamizo na kumpunguzia polepole). Kumkanda kwa mafuta na kusubiri kesho kunampotezea muda. Kumrudisha majini "apone" ni kumuongezea. Dua na kombe havina ubaya, lakini viende pamoja na oksijeni, visitangulie.

Kwenye kuzamia kwa burudani hatari hii inazuilika kwa mambo mawili ya kawaida sana. Panda kwa kasi isiyozidi mita 9 kwa dakika, yaani kutoka mita 18 utumie angalau dakika mbili. Kisha simama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka juu.

Na tuache kusema "mtungi wa oksijeni". Ndani yake mna hewa ya kawaida iliyobanwa. Oksijeni tupu huanza kuwa sumu ukipita kama mita 6, mtu akapata degedege akiwa chini ya maji. Kosa hili la mdomo linaweza siku moja kumfanya mtu ajaze kisichofaa.

Sasa kozi. Ufukweni mapapasi (madalali wa watalii) watakuuzia "kozi ya siku moja". Hiyo ni jaribio tu: unashuka na mwalimu pembeni yako, kina kisichozidi mita 12, na hutoki na cheti cha kuzamia. Si kitu kibaya kwa mtu anayetaka kuonja, ubaya ni kudhani umehitimu. Cheti cha kwanza halisi, ambacho kwa PADI (shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia) huitwa Open Water, huchukua siku 3 hadi 4: nadharia, mazoezi kwenye bwawa au maji tulivu ya kina kifupi, halafu mizamo 4 baharini. Kinakuruhusu kufika mita 18. Umri wa kuanza ni miaka 10. Utaogelea mita 200 bila kuhesabiwa muda, au mita 300 kwa miwani, mapezi na snokeli (bomba la kupumulia), na utaelea dakika 10 bila msaada. Mashirika mengine, SSI na CMAS, yana mpangilio unaokaribiana na huo.

Kabla ya yote utajaza fomu ya afya. Ijaze kwa ukweli. Pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa kifua, ujauzito: haya hayafichwi kwa kuogopa kukosa nafasi. Ukijibu "ndiyo" popote, daktari ndiye aamue.

Gharama ni mamia ya dola, kwa hiyo ulizia vizuri kinachoingia ndani: vifaa, boti, kitabu au masomo ya mtandaoni, cheti chenyewe, na ada ya hifadhi kama mtakwenda kisiwa cha Mnemba. Uliza pia mwalimu mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi. Baharini wanaruhusiwa kufika 8. Mimi nisingekubali zaidi ya 4, hasa maji yakiwa na mkondo. Uliza kama botini kuna mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza (hapo ndipo jina hilo lina haki yake) na nani anajua kuutumia. Mwenye chuo akikasirishwa na swali hilo, ondoka.

Masikio ni jambo ambalo mtoto wa pwani ana faida nalo, lakini si kila mara. Unabana pua, unapuliza taratibu, unaanza kabla hata kichwa hakijazama, kisha kila nusu mita hadi mita moja kwenye mita 10 za mwanzo. Ukisubiri maumivu umechelewa: mlango wa ndani umeshabanwa na kupuliza kwa nguvu hakuufungui. Panda mita moja, jaribu tena. Wapo wavuvi wanaoamini kwamba sikio likishatoboka ndiyo limezoea. Hapana. Ngoma ikipasuka, maji yanaingia sikio la kati, kizunguzungu kinakukamata hapo hapo na hujui juu ni wapi. Ukiwa na mafua usizame, na usimeze dawa ya kuzibua pua ili ulazimishe. Dawa ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa inakwama wakati wa kupanda.

Kosa linalonikera kuliko yote kwa wanaoanza ni risasi (vipande vya madini mazito vya kumzamisha mtu) nyingi kiunoni. Mtu hazami haraka, anaongezewa kilo 2, kisha 2 nyingine. Chini anajaza hewa kwenye jaketi la kuelea ili asianguke, hewa inamvuta kifuani, risasi zinamvuta kiunoni, anatembea wima kama anayepanda ngazi na mapezi yake yanavunja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Mara nyingi kisa cha kutozama ni pumzi: ana woga, kifua kimejaa. Upimaji sahihi ni huu. Vaa kila kitu, toa hewa yote kwenye jaketi, simama wima bila kupiga mapezi, shika pumzi ya kawaida kwa muda mfupi ukiwa pale juu. Maji yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Kama unapima kwa mtungi uliojaa, ongeza kama kilo 2, kwa sababu mtungi wa alumini unapokaribia kuisha unakuwa mwepesi na utakuinua pale pale unapotaka kusimama mita 5.

Kwenye vifaa, msimamo wangu ni kwamba anayeanza anunue miwani tu. Vingine vyote akodi. Miwani ni ya uso wako, na uso wa mwenzio si wako. Ijaribu dukani bila kuvuta mkanda: iweke usoni, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikikaa, inafaa. Ikiteleza, mkanda hautaisaidia. Kuukaza sana ndiko kunakoleta kuvuja. Miwani mipya ina utando wa kiwandani unaoleta ukungu, isugue ndani kwa dawa ya meno na kidole mara kadhaa, kisha baharini mate yanatosha. Ile miwani midogo ya macho mawili isiyofunika pua, wanayopenda wavuvi wengi, haifai kwa mtungi. Huwezi kuipulizia hewa kwa pua, na kina kitayavuta macho hadi mishipa ipasuke.

Baada ya miwani, mapezi, kisha suti ya milimita 3 (wakati wa kusi wenye baridi huvaa 5), kisha kompyuta ya kuzamia. Reguleta na jaketi ni vya mwisho. Reguleta inataka kufanyiwa sevisi kila mwaka au baada ya mizamo kama 100, na ya mtumba isiyojulikana historia yake ni kununua mashaka.

Kufunga vifaa ujifunze kwa mikono yako, usiachie mabaharia wa boti. Lowanisha mkanda wa jaketi kabla ya kuukaza, ukikazwa mkavu utalegea majini na mtungi utateleza. Angalia oringi (pete ya mpira) kwenye vali ya mtungi, isiwe imepasuka. Fungua vali kidogo ipulize vumbi, funga, ndipo uweke reguleta. Geuza geji (kipimo cha hewa) isikuelekee usoni, fungua polepole hadi mwisho. Sikiliza kama kuna mvujo. Geji isome karibu bar 200. Sasa vuta pumzi tatu au nne ukiitazama sindano: ikicheza, ikishuka na kupanda kila unapovuta, vali haikufunguka vizuri na chini ya maji utakosa hewa. Onja hewa yenyewe. Harufu ya mafuta au moshi maana yake kompresa imevuta moshi wa jenereta au wa mashine ya boti. Moshi huo una gesi ya sumu isiyo na harufu ambayo kina kinaikuza. Mtungi huo usitumike, hata kama boti imeshafika.

Hewa nayo ina hesabu. Mtungi wa kawaida wa alumini ni lita 11. Kwa bar 200 una kama lita 2,200. Bar 50 ni akiba, usiziguse. Zilizobaki ni lita 1,650. Anayeanza hutumia kama lita 20 kwa dakika juu ya maji. Kwenye mita 18 mgandamizo ni bar 2.8, matumizi yanakuwa lita 56, na dakika 29 zinamaliza. Kwenye mita 10 angepata kama 41. Ndiyo maana mizamo ya kina kifupi inamfaa mwanafunzi. Anaona mengi, anapumua zaidi, hajibani.

Pa kuanzia pako. Miamba ya mbele ya Mji Mkongwe, kama Bawe na Murogo, ni karibu na kina chake kinafaa. Mnemba ni nzuri, nenda mapema kabla boti hazijajaa. Leven Bank, mwamba wa chini ya bahari kaskazini ya Unguja, si ya mwanafunzi hata kidogo. Na Pemba, pamoja na uzuri wake wote, ina kuta zinazoteremka mbali sana na milango ya bahari kama ya Njao na Fundu ambayo mkondo wake haubishani na mtu. Hapa elimu ya wazee inatumika vizuri kuliko kifaa chochote: hesabu mwezi. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakimbia milangoni; maji mafu, siku za katikati yake, yanatulia. Anayeanza Pemba aombe siku za maji mafu, na aanzie kisiwa cha Misali. Masika mvua hutia maji taka karibu na pwani, uoni unapungua.

Ukimaliza mzamo mmoja subiri saa 12 kabla ya kupanda ndege. Mizamo kadhaa, saa 18. Ndege ndogo ya Pemba au Dar es Salaam nayo ni ndege. Mwenye haraka apande boti.

Nadharia idai kwa Kiswahili. Hata kitabu kikiwa cha Kiingereza, wapo walimu wa hapa hapa wanaoweza kueleza mgandamizo, naitrojeni na kupanda kwa lugha unayofikiria nayo, na mtihani wa kukariri haukuokoi ukiwa kina cha mita 15. Anayetaka kuifanya kazi ajue ngazi zake kwa PADI: baada ya cheti cha kwanza, cha juu kinachofika mita 30, kisha uokoaji, kisha kiongozi wa wazamiaji, ambaye lazima awe na miaka 18, awe na mizamo 40 ya kuanzia na 60 ya kumalizia. Anza kuandika daftari lako la mizamo siku ya kwanza: tarehe, kina, dakika, bar za kuanza na kumaliza, kilo za risasi, na mwezi ulikuwa siku ya ngapi.